Dawa iliyopita njia ya maziwa: kisa cha kifua kikuu katika boma la Waparakuyo, Bagamoyo

Mgonjwa ni kijana wa miaka 22, mchungaji, mkazi wa boma lililo ndani porini, mwendo wa saa mbili na zaidi kwa miguu kutoka kwenye barabara ya lami iendayo Msata kupitia Makofia. Alianza kukohoa wakati wa vuli. Alipofikishwa zahanati ilikuwa Aprili, masika yamekolea, naye amekonda mpaka mkanda wa sime unamzunguka mara mbili. Makohozi yake yalipelekwa kwenye kituo chenye mashine ya GeneXpert, ambayo hutoa jibu kwa takriban saa mbili. Jibu likaja kuwa ni kifua kikuu, tena kile kinachosikia dawa za kawaida.

Kitabibu hapo hakuna fumbo. Miezi miwili ya mwanzo ni dawa nne kwa pamoja, miezi minne inayofuata ni mbili, zote za bure katika vituo vya serikali, na mgonjwa akizimeza bila kuruka anapona. Lakini wiki ya tatu tu ya matibabu, boma lake na maboma ya jirani yalikuwa yameshawafungia milango watu wa afya. Kisha kabla ya Oktoba milango ikafunguka, na waliobeba dawa zile mpaka zikaisha walikuwa kina mama ambao hakuna mpango wowote wa afya ulioandika majina yao. Hilo ndilo ninalotaka kulichambua. Nimeliandika kama visa vya kufundishia vinavyoandikwa: watu hawatajwi, kitongoji hakitajwi, na mambo kadhaa ya boma hili yamechanganywa na ya maboma jirani.

Kwanza boma lenyewe. Waparakuyo ni wasemaji wa Kimaa. Majirani wengi huwaita Wakwavi, au Wamaasai tu. Katika karne ya 19 walitengana na Wamaasai wengine wakatawanyika kusini na mashariki, na ndiyo maana leo unawakuta Handeni, Kilosa, na huku Bagamoyo katikati ya Wakwere, Wazigua na Wadoe ambao ni wakulima. Ni wachache kila mahali walipo. Kijijini kwao wana kitongoji chao kimoja. Vitongoji vingine vyote ni vya wakulima wa mananasi, mihogo na mahindi. Tofauti hiyo ya idadi tutairudia, kwa sababu ndiyo iliyoamua nani awe mhudumu wa afya wa kijiji.

Kwa nini alichelewa miezi ile yote? Jibu linalotolewa haraka ni kwamba "hawa watu wanaamini mitishamba". Ni kweli kijana alipelekwa kwanza orpul, ile kambi ya porini wanakochinja, wakala nyama na kunywa supu iliyochemshwa na magome ya miti, ule waitao olkiloriti ukiwamo. Alikaa huko na vijana wa rika lake, akala vizuri, akanenepa kidogo. Kikohozi kikapungua kelele, homa ya usiku ikabaki. Mtu mwenye kifua kikuu akilishwa nyama kila siku anapata nafuu kwa muda, na nafuu hiyo ndiyo iliyomdanganya yeye na waliomhudumia. Siwalaumu. Lishe ni sehemu ya matibabu ya ugonjwa huu, na boma lilimpa mgonjwa wake lishe kabla hospitali haijampa kidonge. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia kwamba kikohozi cha wiki mbili kinatosha kupeleka makohozi kupimwa, huku supu ikiendelea.

Sababu nyingine haikuhusu imani hata kidogo. Mchungaji akiondoka, ng'ombe hawabaki zizini kumsubiri. Kwenda zahanati ni siku nzima. Wakikuambia urudi kesho kuleta makohozi ya asubuhi, ni siku mbili. Masika yakiwa yamekata njia, bodaboda anapandisha nauli mara tatu au anakataa kabisa. Dawa ni ya bure, ila kuifikia kuna gharama, na gharama hiyo inalipwa na yule anayebaki na mifugo.

Tufike wiki ya tatu. Mgonjwa akishaanza dawa, wale wanaolala naye wanapaswa kuchunguzwa, na watoto walio chini ya miaka mitano wapewe dawa ya kinga. Afisa wa afya akaja kwa kazi hiyo. Utaratibu ulikuwa sahihi na nia ilikuwa njema. Mkutano ukafanyika chini ya mgunga, wakiwamo wakulima wawili watatu waliokuja na mwenyekiti wa kitongoji. Ndani ya maelezo yake, afisa akasema kwamba kifua kikuu wanakipata kwenye maziwa mabichi, waache kuyanywa, na ingekuwa vizuri waache pia kuyauza mpaka ng'ombe wapimwe.

Sentensi ile ilifika barabarani kabla ya afisa mwenyewe. Maziwa ndiyo fedha ya wanawake wa boma. Ng'ombe ni wa mume na ukoo. Maziwa akishayakamua mama ni yake, na ndiyo yanayonunua unga, sukari, sabuni na madaftari. Kila alfajiri kina mama hubeba madumu hadi kwenye vibanda vya chai na kwa mama ntilie wa barabarani. Baada ya mkutano ule mama chai wa kwanza akasema leo sichukui, wa pili akasema mpaka nisikie kwanza. Madumu yakarudi nyumbani yamejaa. Wiki hiyo hiyo laigwanani, kiongozi wa kimila, akatuma ujumbe kwamba hakuna mtoto wa kitongoji kile atakayepimwa tena. Maboma mengine mawili yaliyokuwa na wakohozi yakanyamaza. Kijana wetu naye akaacha dawa kwa siku kadhaa.

Aliacha kwa sababu nyingine pia, na hii nataka isomwe na kila mtu anayegawa dawa hizi. Rifampisini, moja ya zile dawa nne, hufanya mkojo uwe wa rangi ya machungwa iliyokolea, karibu na nyekundu. Ni jambo la kawaida, halina madhara. Kijana hakuambiwa, au aliambiwa kwa Kiswahili cha haraka dirishani, akaitikia kwa adabu tu. Alipouona mkojo wake porini, peke yake, akajua anakojoa damu na kwamba dawa zinamkata ndani. Mchungaji anajua mkojo mwekundu unamaanisha nini kwa ng'ombe: ni dalili ya kifo. Kwa hiyo alikuwa na sababu nzuri kabisa ya kuacha.

Turudi kwenye maziwa, maana hapo ndipo kosa la elimu ya afya lilipo. Alichosema afisa hakikuwa uongo. Kilikuwa mambo mawili yaliyofungwa pamoja. Kipo kifua kikuu cha ng'ombe, na kijidudu chake kinaweza kumwingia mtu kupitia maziwa mabichi, mara nyingi kikakaa kwenye tezi za shingo au tumboni. Lakini kifua kikuu cha mapafu, kama cha kijana huyu, kwa sehemu kubwa sana hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu kwa hewa, mgonjwa anapokohoa ndani ya nyumba. Tena kipimo cha GeneXpert hakitofautishi kijidudu cha ng'ombe na cha mtu. Hakuna aliyekuwa na ushahidi kwamba kijana aliupata kwenye kibuyu. Ilikuwa nafuu zaidi kuitazama nyumba aliyokuwa akilala: enkaji ya udongo na samadi, dari ya kuinama, tundu la kutolea moshi lisilozidi kiganja, moto katikati, wana-mbuzi pembeni, na watu sita usiku kucha.

Tazama sasa hatari ya maziwa ilimkalia nani. Yanayouzwa barabarani yanaishia kwenye sufuria ya chai, yanachemka mpaka yanafura. Mnunuzi yuko salama. Anayeyanywa mabichi ni mtoto wa boma, na kwake hatari si kifua kikuu peke yake: kuna ule ugonjwa wa kutupa mimba kwa ng'ombe, unaompa binadamu homa za kurudiarudia na maumivu ya viungo, mara nyingi zikidhaniwa malaria. Ujumbe ule uliwatisha wanunuzi, ambao hawakuwa na la kuogopa, ukawanyang'anya kipato wauzaji, ambao ndio waliohitaji kulindwa. Kwa maoni yangu kosa la namna hii ni zito kuliko kukosa dawa, kwa sababu dawa ikikosekana leo italetwa kesho. Kitongoji cha watu wachache ambacho tayari kinashutumiwa kwa mambo ya mashamba na malisho, kikishutumiwa tena kwa ugonjwa, hakina pa kwenda kujitetea.

Aliyefungua mlango ni nesi wa zahanati. Hakuwa na fedha za mradi wala gari. Alikuwa na jambo moja: alikuwa mteja. Kwa muda mrefu alinunua maziwa kwa mama wa yule kijana. Alimkuta kibandani na madumu yake hayajaguswa, akamwita yeyo, yaani mama kwa Kimaa.

"Shikamoo, yeyo. Dawa za kijana zimebaki ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Dawa zipo. Maziwa ndiyo hayanunuliwi."

Nesi akanunua dumu zima, akamwomba mama chai ayachemshe pale pale, akayanywa mbele ya bodaboda na abiria waliokuwa wakisubiri gari la Msata. Akawaeleza kwa sauti kwamba maziwa yaliyochemka hayana ugonjwa, na kwamba wao hawajawahi kunywa mengine hapo. Wateja hawakurudi wote siku ile. Walirudi kidogo kidogo.

Halafu akaomba kuonana na laigwanani, akaenda bomani pamoja na afisa mifugo wa kata, na mkutano mara hii ukaitishwa na wenyewe. Kijana mmoja aliyemaliza sekondari alitafsiri Kimaa. Kina mama waliketi mbele, si nyuma ya wanaume kama kawaida, kwa sababu laigwanani mwenyewe alisema neno la maziwa ni lao. Waliongea kifua kikuu cha hewa kwanza mpaka kikaisha. Maswali yalikuwa ya kweli: je, tukinywa kibuyu kimoja naye? Hapana, hakiambukizi kwa kibuyu. Alale wapi? Kwa wiki mbili hivi za mwanzo za dawa uambukizo huwa mkubwa, baada ya hapo hushuka sana akiwa anameza vizuri. Yeye alikuwa ameruka siku, kwa hiyo wakaamua kwa muda alale chini ya kibanda cha wazi kilichoezekwa kuzuia mvua, pembeni ya zizi, na vijana wa rika lake wakapokezana kulala naye huko nje kwenye upepo asijione ametengwa. Wazo la kibanda lilikuwa lao. Na habari ya mkojo mwekundu ikasemwa hadharani, kwa Kimaa, wazee wakacheka kwa kufarijika, kijana akainamisha kichwa.

Maziwa yakawa kazi ngumu zaidi, na hapa ndipo unapoona tofauti ya kushauri na kuamuru. Ukimwambia mama wa Kiparakuyo achemshe maziwa, amekusikia. Ila maziwa yaliyochemshwa hayagandi yenyewe kuwa mtindi mzuri, yanaoza. Vile vimelea vinavyogandisha vimekufa pamoja na vile vya ugonjwa. Mama aliyejaribu mara moja akamwaga lita tano harudii. Afisa mifugo alilijua hilo, akaonyesha kwa sufuria: chemsha, acha yapoe mpaka kidole kivumilie joto, tia vijiko vichache vya mtindi wa kuanzishia, funika. Mtindi wa mara ya kwanza ununuliwe wa dukani uliotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa. Kuanzia hapo kila siku hubakizwa kidogo kwa ajili ya kesho. Na usitiwe kwenye kibuyu cha zamani, kwa sababu kuta zake zimeshika mabaki ya maziwa mabichi hata kikifukizwa moshi vizuri namna gani. Kina mama wawili walilalamika kwamba bila kibuyu na moshi mtindi hauna ladha. Hoja yao ilikubaliwa: wazee waendelee na kibuyu chao wakipenda, watoto wapewe wa sufuria. Sijui daktari gani angeandika hivyo kwenye mwongozo, lakini maboma matatu yalianza kuwachemshia watoto.

Sasa dawa. Zahanati ilikuwa ikigawa dawa za kifua kikuu asubuhi. Kina mama hupita hapo gizani wakienda na maziwa, hurudi saa saba mchana, dirisha limefungwa. Nesi akahamisha ugawaji wa wagonjwa wa mbali uwe mchana. Mwongozo wa Tanzania humruhusu mgonjwa kuchagua kumeza dawa nyumbani chini ya msimamizi anayemchagua mwenyewe, na kijana alimchagua mama yake. Yeyo akawa anapeleka maziwa na kurudi na vidonge: vya wiki katika miezi miwili ya mwanzo, baadaye vya muda mrefu zaidi. Makopo ya makohozi ya wale wakohozi wa maboma mengine yakapita njia ile ile, yamefungwa vizuri na kubebwa mbali na madumu. Kati yao mmoja alikutwa na ugonjwa. Watoto wadogo wa enkaji ile walipewa dawa ya kinga.

Tanzania ina historia yake katika jambo hili. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza 1977, na ni kazi iliyofanyika hapa nchini pamoja na Dkt. Karel Styblo, mtaalamu wa kifua kikuu, iliyouonyesha ulimwengu kwamba nchi maskini inaweza kuwatibu wagonjwa wake kwa dawa za muda mfupi, daftari zuri na usimamizi wa karibu; Shirika la Afya Duniani likaueneza mfumo huo miaka ya 1990. Ila daftari lile linadhani mtu ana anwani moja. Julai ikafika, malisho yakakauka, na ng'ombe wakatakiwa kwenda kando ya Mto Wami. Kijana alikuwa mwezi wa tatu, amepata nguvu, na mtu aliyepata nguvu ndiye anayeacha dawa.

Boma lilikuwa na jibu lake tangu zamani. Kiangazi kundi hugawanywa: madume na mitamba huenda mbali, ng'ombe wachache wanaokamuliwa hubaki nyumbani kwa ajili ya watoto na wazee. Safari hii waliamua kijana abaki na wa maziwa. Zamu yake ya malisho ya mbali ilibebwa na vijana wa rika lake, na baba yake akatoa mtamba mmoja kwa aliyebeba zaidi. Nesi alikuwa ameandaa barua ya uhamisho ili achukulie dawa kituo cha karibu na Wami, haikuhitajika. Wafadhili hupenda kuja na semina za kuwajengea wafugaji uwezo wa kuhimili misukosuko. Mimi ningeomba waanze kwa kuuliza kundi linagawanywaje.

Oktoba alimaliza, makohozi yakiwa safi.

Limebaki suala la uwakilishi, na hapa sina furaha. Wahudumu wa afya wa jamii huchaguliwa kijijini, kwenye mkutano ambako kitongoji kimoja cha wafugaji hakiwezi kushinda kura za vitongoji vya wakulima. Hakuna aliyewaonea kwa makusudi. Hesabu tu inawashinda kila mara. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kitaifa wa wahudumu hawa wenye mafunzo na posho, hatua niliyoifurahia kwa dhati. Lakini mhudumu aliyepatikana hapa anaishi barabarani, hajui Kimaa, na masika hawezi kuvuka kwenda bomani.

Wapo wanaosema tuweke kabila kwenye rejesta ili tujue nani anaachwa. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila nchini, na mimi sitamani safu hiyo irudi, zahanati hasa. Kisa hiki kimeonyesha jina la kabila likigusana na jina la ugonjwa linavyofanya kazi. Safu ninayoitaka ni ya kitongoji, pamoja na mwendo wa kufika kituoni. Kwa safu hizo mbili tu, mratibu wa wilaya angeona kwamba kutoka huku hakukuwa na kopo moja la makohozi mwaka mzima kabla ya kijana huyu, na asingehitaji kuuliza mtu anazungumza lugha gani nyumbani kwake.

Pia nafasi za wahudumu zingegawanywa kwa vitongoji kabla ya kura, kila kitongoji cha mbali kipate mtu wake. Halmashauri inaweza kulifanya hilo bila kusubiri waraka wa juu. Yule kijana mtafsiri ana cheti cha kidato cha nne na anajua kila boma mpaka Wami. Yeyo hana cheti, hasomi, na hakulipwa hata nauli. Kwa sasa anawapelekea dawa wagonjwa wawili, kijana wake hayumo.